Jibu: Mtoto mwenye usonji anakataa kugusa mchanga uliolowa

Habari ndugu. Kwa hiyo mwanao wa miaka 5 anapiga kelele kila ukimtia mikono kwenye beseni la mchanga uliolowa, na likizo ndiyo kwanza imeanza. La kwanza, acha kumshika mikono. Kulazimishwa ndiko kunakomfanya alikimbie beseni hata kabla hajalifikia.

Anza na vikavu: mchele mbichi vikombe 3 kwenye beseni pana, kijiko cha mpini mrefu na kikombe. Achote, amimine, vidole visiguse kama hataki. Akizoea, fukia vigari viwili vitatu avitafute.

Cha majimaji kije mwisho, tena ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu: wanga wa mahindi vikombe 2, maji kikombe 1. Toa hewa, ziba mdomo kwa selotepu, abonyeze huku mkono umebaki mkavu. Mifuko hii hupasukia pembeni, basi vika miwili.

Taulo kavu iwe karibu aone kwamba anaweza kujifuta wakati wowote. Dakika 5 zatosha.

Bado anatia vitu mdomoni? Usimwache peke yake na mchele, na zile shanga za maji zinazovimba usizilete kabisa. Akimeza huweza kuziba utumbo.