Re: Mdogo wangu ni mrefu sana, je, amechelewa kuwa senta?

Waalaykumu salaam ndugu yangu wa Wete. Umeuliza kama mdogo wako wa miaka 16, anayekaribia mita 2 na hajawahi kushika mpira wa kikapu, keshachelewa kuwa senta wa kulipwa, yule mchezaji mrefu anayecheza karibu na kikapu. Hajachelewa. Hakeem Olajuwon kule Lagos alikuwa golikipa na mchezaji wa mpira wa mikono, kikapu kakianza ana miaka 15. Mwaka 1984 Houston Rockets, timu ya NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, wakamchagua wa kwanza kati ya wachezaji wapya wa mwaka ule, akatwaa nao ubingwa 1994 na 1995. Ile miguu ya golikipa ndiyo iliyomfaa.

Kwa hiyo kwanza mtazame miguu, kimo kiache. Apige hatua fupi za kando, magoti kayakunja, asipishanishe miguu. Nafundisha vijana hapa Unguja, na warefu wengi wanaoletwa huwa na kiuno kigumu. Akilalamika goti msimlazimishe kuruka, mpelekeni hospitali. Kisha mikono: arushe mpira wa tenisi ukutani, audake kwa mkono mmoja, dakika kumi kila siku baada ya Alasiri.

Na skuli, tafadhali sana. Hasheem Thabeet wetu alipitia Chuo Kikuu cha Connecticut kule Marekani, ndipo Memphis Grizzlies, nao wa NBA, wakamchagua wa pili mwaka 2009. Mimi kijana wangu mmoja alipata mlango wa chuo nje, matokeo yake ya Kidato cha Nne yakamrudisha. Mpaka leo linaniuma.

Kama atafika mbali siwezi kukuahidi, sijamuona. Likizo ikifika mpandishe boti, nitamtazama mwenyewe.