Land Rover 109 inayokula oili: pima kwanza, spea baadaye

Mkuu, wanaokushauri utupe hiyo injini ya petroli ya lita 2.25 uweke ya Toyota hawajakupigia hesabu yote. Utatafuta mauntingi mpya, bamba la kuunganisha na giaboksi, rejeta na egzosti, halafu uende kubadilisha kadi ya gari. Na giaboksi ya Series III, toleo la hiyo 109 yako, ilipangiwa injini yenye nguvu za farasi 70 hivi. Ukiifungia injini ya nguvu maradufu, kinachofuata kuvunjika ni hafshafti, yaani shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Yangu ni 109 kama yako, niliifungua yote nikaijenga upya, na hadi leo inapanda milima, polepole kama ilivyozaliwa.

Umeuliza ununue pistoni za saizi gani kwa kuwa inatoa moshi wa buluu. Usinunue chochote bado. Angalia moshi unatoka wakati gani. Ukitoka ukiwasha asubuhi, au ukiachia mafuta kwenye mteremko kisha ukakanyaga tena, shuku gaidi za valvu (vibomba ambamo valvu hupanda na kushuka) na sili zake. Hiyo ni kazi ya hedi tu. Ukitoka mfululizo kwenye mzigo, shuku ringi za pistoni na silinda. Pima kompresheni injini ikiwa ya moto, plagi zote nje. Silinda iliyo chini itilie oili kijiko kimoja kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda vizuri, ringi zimekwisha. Isipopanda, valvu hazifungi au gasketi ya hedi imepasuka.

Ikithibitika ni ringi, shusha injini na umpelekee bloki mtu mwenye boa geji na maikromita (vifaa vya kupima kipenyo cha silinda), siyo anayepima kwa kidole. Silinda ya kiwandani ni milimita 90.47. Ipimwe juu (chini kidogo ya ukingo), katikati na chini, na kila mahali kwa pande mbili, kwa sababu silinda huliwa zaidi upande ambao pistoni inasukuma. Ovasaizi, yaani pistoni kubwa kuliko za kiwandani, zinakwenda 10, 20, 30 hadi 40 kwa elfu za inchi, karibu robo milimita kila hatua. Bloki ya petroli haina slivu (bomba la chuma linalovishwa ndani ya silinda) kutoka kiwandani, kwa hiyo ikishapita 40 si lazima uitupe. Inavishwa slivu na kurudishwa standadi. Saizi ikishajulikana ndipo ununue pistoni, umkabidhi mchongaji ili abore, yaani apanue silinda, kwa kufuata pistoni hizo hizo. Anayebora kwanza kisha akakutuma kwenye spea za Gerezani, Dar es Salaam, utafute pistoni anakutafutia balaa.

Kranki ina mtego wake. Hadi 1980 injini hizi zilikuwa na mein beringi (beringi kuu zinazoshika kranki kwenye bloki) tatu, baada ya hapo tano. Kranki na beringi zake haziingiliani. Usiamini mwaka ulioandikwa kwenye kadi, magari haya yameshabadilishana injini sana huku kwetu. Fungua sampu, beseni la oili chini ya injini, uhesabu kwa macho yako.

Wakati wa kufungua, kuna kitu ambacho mafundi waliozoea injini za Kijapani hukikosea: tapeti za 2.25 zina rola. Kila moja ina rola, slaidi na gaidi yake, na slaidi ina upande wa kutazama mbele ya injini. Ziweke kwenye boksi lenye namba, zirudi pale pale zilipotoka. Zikichanganywa, kamshafti inaanza kuliwa upya.

Bloki ikirudi kutoka kubora, ng'oa plagi za njia za oili, pitisha brashi, kisha osha kwa maji ya moto na sabuni. Petroli peke yake haitoi unga wa jiwe la kunolea silinda. Futa silinda kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na weusi, rudia. Hapa ndipo injini nyingi "mpya" zinapofia, na hakuna anayetaka kusikia kwa sababu kuosha hakuonekani kama ufundi.

Sili ya oili ya nyuma ya kranki ifunge bila haraka. Kepi (kifuniko) ya mein beringi ya nyuma ina vipande viwili vya sili vyenye umbo la T pembeni. Viache vichomoze kidogo sana, chini ya milimita moja, visikatwe sawasawa na bloki. Vikivuja, oili inaingia kwenye klachi, na utashusha giaboksi kwa kosa la kisu.

Bolti za hedi ni futi-paundi 65, kaza kwa hatua kuanzia katikati. Nafasi ya tapeti zote, za intaki na egzosti, ni inchi 0.010. Tumia hesabu ya tisa, yaani namba ya valvu iliyofunguka na ya ile unayoseti zijumlike 9: valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, seti ya 1, ya 6 ikifunguka, seti ya 3, hivyo hivyo hadi mwisho.

Kabla ya kuwasha, toa plagi zote, piga stata hadi taa ya oili izime. Ikishawaka usiiache sailensa, yaani ikinguruma gari limesimama, kwa muda mrefu. Ringi zinakaa kwa mzigo, itembeze barabarani bila kuivuta sana. Mwaga oili ya kwanza mapema na uangalie tapeti tena.

Ukipata vipimo vya silinda zote nne na idadi ya mein beringi, viweke hapa tuone kama bloki bado ina nafasi ya kuborwa.