Ratiba kwanza, vishikwambi baadaye?

Mmeuliza wiki hii: “Je, vishikwambi vitapandisha ufaulu wa sekondari?” Mimi naanzia kwenye ratiba. Vile vya Sensa ya Tanzania ya 2022 walimu walishagawiwa. Kinachokosekana ni dakika. Kipindi cha dakika 40 hakibebi ufundishaji mseto, yaani wa mwalimu na vifaa vya kidijitali kwa pamoja, kwani muda wote unaishia kugawa na kukusanya vifaa.

Nakumbuka kipindi pacha (viwili vilivyounganishwa, dakika 80) cha Fizikia, Sheria ya Hooke, yaani springi hurefuka kwa kadiri ya uzito inaoubeba: wanafunzi 48, vishikwambi 8, makundi matatu ya watu 16 yakizunguka vituo vitatu vya kazi. Maelekezo dakika 5, kila kituo dakika 22, kuhama dakika 2 mara mbili, kufunga dakika 5. Kituo cha kwanza walitundika mawe ya gramu 50, moja baada ya jingine, kwenye springi na kusoma rula. Cha pili, wawili wawili, video ya dakika 7 na maswali 6 kutoka Raspberry Pi (kompyuta ndogo) yenye Kolibri (programu ya masomo), bila intaneti. Cha tatu, grafu pamoja na mwalimu.

Video ilikwama. Vishikwambi vyote viliivuta kwa mpigo, Wi-Fi ya kile kifaa kidogo ikazidiwa. Dawa ni video ya ubora mdogo (360p), au ipakuliwe kwenye kila kishikwambi jana yake. Kisha umeme ukakatika. Raspberry Pi 4 haina betri ya kutunza saa na tarehe, kwa hiyo ikiwaka tena bila intaneti tarehe huwa si sahihi na ripoti za majibu huvurugika. Kuzimika ghafla pia huweza kuharibu kadi ya kumbukumbu. Inahitaji pawabenki inayotoa umeme huku ikichajiwa.

Kwenye springi nako, kundi la kwanza lilizidisha uzito. Springi ikivuka kikomo hairudi ilivyokuwa, na kundi linalofuata lisipopima upya urefu wa mwanzo, namba zake zote zinakosea. Hata hivyo, walioanza na springi walijibu maswali vizuri kuliko walioanza na video. Hawa wanafunzi wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na video ilienda kwa Kiingereza cha kasi. Kundi linaloanza na video lipewe nusu karatasi ya misamiati kwanza.

Kwa hayo yote ningesema vifaa visubiri. Ila ripoti ya majibu ya Kolibri inanizuia: kabla ya kipindi kijacho mwalimu anaona swali la 4 limekosewa na jozi zipi, bila kubeba madaftari 48, mradi kila jozi iwe na akaunti yake. Basi viletwe, lakini kwa shule zenye vipindi pacha. Darasa la watu 90 na mwalimu mmoja lisijaribu vituo vitatu. Na shule za kutwa zisiwape wanafunzi video za kutazama nyumbani, ambako simu ni ya mzazi na bando ni la kubahatisha. Maabara ya kompyuta ifunguliwe kwa muda wa saa moja masomo yakiisha, akiwepo msimamizi.