Jibu: Uvimbe kitovuni baada ya saratani ya ovari
Pole dada. Umeuliza kama uvimbe mgumu ulioota kitovuni baada ya kumaliza kemotherapi unaweza kuwa saratani ya ovari iliyorudi. Ndiyo, unaweza, hata CA-125 yako (kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii) ikiwa chini ya 35, yaani kiwango cha kawaida. Kipimo hicho hukosa baadhi, hasa uvimbe ukiwa mdogo. Mara nyingi saratani hii hurudi nyongani au kwenye utando wa tumbo. Kitovuni, kwenye kovu la upasuaji au ubongoni ni nadra, ila hutokea. Uvimbe wa kitovuni waweza pia kuwa ngiri tu (utumbo uliochomoza). Ngiri kwa kawaida huwa laini na huingia ndani ukilala, lakini usijiamulie nyumbani. Omba ultrasaundi kwanza, maana sindano ya kuchukua kipande cha uvimbe ikichomwa kwenye ngiri yaweza kutoboa utumbo. Kisha biopsi (kipande hicho kupimwa maabara), na CT (picha za ndani ya mwili) ya kifua, tumbo na nyonga. Ukianza kuumwa kichwa na kutapika, huenda imefika ubongoni, usingoje tarehe ya kliniki.