Kivumishi «epiousios» katika Sala ya Bwana

Ndugu, umeuliza kwa nini Mathayo 6:11 husomeka «riziki yetu» katika tafsiri ya Union Version, ilhali Wakatoliki husali «mkate wetu wa kila siku». Chanzo ni kivumishi cha Kigiriki epiousios, ambacho katika Agano Jipya kimo hapo na katika Luka 11:3 tu, na ambacho Origen, msomi wa karne ya 3 aliyeandika kwa Kigiriki, alisema hakitumiwi na waandishi wala na watu wa kawaida.

Wengine hukitoa kwenye epi («kwa ajili ya») na ousia («kuwapo»), yaani kinachohitajika ili mtu aishi. Wengine kwenye epiousa, ambalo Matendo 16:11 hulitumia kwa siku inayofuata. Jerome, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, alisimulia kwamba katika Injili ya Waebrania, injili ya kale isiyomo katika Biblia, alikuta neno la Kiebrania mahar, yaani «kesho», lakini katika Mathayo ya Kilatini tunasoma supersubstantialem («upitao asili») na katika Luka quotidianum («wa kila siku»), ingawa Kigiriki ni kilekile!

Mimi naegemea «ya siku inayokuja», kwa kuwa irabu i ya epi kwa kawaida hudondoka mbele ya irabu nyingine, na hivyo tungetarajia epousios kama asili ingekuwa ousia. Hoja hiyo ina nguvu, ingawa haifungi mjadala, maana yapo maneno machache yanayoihifadhi i hiyo, kama epiorkos («mwenye kuapa uongo»). Ama «siku kwa siku» ya Luka, hiyo hutokana na kirai kingine kabisa, to kath' hemeran, wala si tafsiri ya kivumishi hiki.