Kuku wa nyama na homoni ya ukuaji

Umeuliza kama kuku wa nyama hukua haraka kwa kuwa na homoni nyingi ya ukuaji. Hapana. Ukipima damu, mara nyingi kuku wa mayai wa umri uleule ndiye mwenye kiwango cha juu. Homoni hii hutolewa na tezi ya pituitari, chini ya ubongo, tena kwa vipindi: inapanda, inashuka. Vifaranga wanayo kwa wingi, wakikomaa inapungua.

Kuna hata kuku wenye kasoro ya kurithi inayowadumaza. Damu yao imejaa homoni hiyo, ila vipokezi vyake kwenye ini, yaani sehemu za seli zinazoipokea, ni vibovu, kwa hiyo haifanyi kazi! Kasi ya kuku wa nyama imetokana na kuteua mbegu kizazi baada ya kizazi, pamoja na chakula bora.