Re: Kwa nini linaitwa jino la hekima?

Mkuu umeuliza kama jino la hekima linahusiana na akili kweli au ni jina tu. Ni jina tu aisee, ni gego la mwisho kabisa kule nyuma, huwa linatoka kati ya miaka 17 na 25 hivi, umri ambao mtu anahesabiwa ameshaanza kujielewa (wengine mpaka leo bado lakini jino wanalo 😂).

Hiyo hekima ni ya zamani sana, Kilatini walisema dens sapientiae, Wafaransa wakaja na dent de sagesse, Waarabu nao wanasema dhirsi la akili. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema jino la akili usimkosoe, ni kitu kilekile.

Ila wengine wameenda njia tofauti kabisa na hapo ndo panaponifurahisha, Waturuki wanaliita jino la miaka 20, basi, hawana mbwembwe. Waindonesia wanasema gigi bungsu, yaani jino kitindamimba, maana ndo la mwisho kuja. Wakorea wanaliita sarangni, jino la mapenzi, eti linakuja umri wa kupenda na linauma kama mapenzi ya kwanza. Na Wajapani, oyashirazu, yaani wazazi hawajui, hilo mi naona ndo jina bora kuliko yote, linatoka ushakua mkubwa na mzazi hana habari.

Halafu wengine hawaoti kabisa, usiogope ukikosa.